Kampuni Iliyogeuka Lori

Mume wangu alifariki katika hospitali ya Lushoto, mvua za masika zikiwa zimeshika. Asubuhi ile muuguzi aliponiita pembeni na kunishika bega nilikuwa nimeshajua, kwa hiyo hakulazimika kusema mengi. Nilikaa kwenye benchi nje ya wodi. Jambo la kwanza lililonijia, na ninaliandika kama lilivyokuwa, halikuwa kilio. Lilikuwa swali: nani atambeba?

Kwetu ni mbele ya Mlola, juu. Gari la kukodi lingetufikisha kwenye daraja la magogo, na daraja lenyewe lilikuwa limechukuliwa na maji siku chache kabla. Kuanzia hapo ni kupanda tu, kwenye udongo mwekundu unaoteleza, na maiti hupandishwa kwa mabega. Watu wanabeba kidogo, wengine wanapokea, wale wa kwanza wanarudi nyuma kupumua, hivyo hivyo mpaka uani. Wakiwa wengi, hakuna anayechoka. Wakiwa wachache, kila anayetazama kutoka shambani kwake anaona kwamba ni wachache.

Tulizaa mabinti watupu, na wote wameolewa mbali. Nilimpigia simu shemeji yangu, mdogo wake marehemu, nikamwambia. Akasema, "Inna lillahi. Nitapiga pembe ya msiba, shemeji. Watakaokuja watakuja."

Hakusema watu watakuja. Alisema watakaokuja. Sikumlaumu. Kwetu hakuna mtu anayenyimwa kaburi, lakini wapo waliozikwa na watu wa kuhesabika, na kijiji kizima kilijua kwa nini. Mume wangu alikuwa na sababu ya kuwa mmoja wao, na sababu hiyo ilikuwa kampuni.

Mimi nimesoma mpaka darasa la saba. Mambo ya kampuni nayajua kwa kuwa yaliishi ndani ya nyumba yangu, yakala mezani kwangu. Nitayasema kwa jinsi nilivyoyaona.

Alipokuwa kijana, mume wangu alikuwa karani wa ushirika. Kazi ya ofisini, shati jeupe, baiskeli. Ikaja ile miaka ya ruksa. Maduka yakajaa vitu ambavyo tulikuwa tumevisahau, mitumba ikamwagwa mpaka kwenye magulio ya huku juu, na ushirika ukafa pole pole kama mgonjwa wa kifua. Makarani wakapunguzwa. Mume wangu alirudi nyumbani na kifuko cha kiinua mgongo na baiskeli isiyo na kengele, akakaa barazani msimu mzima akitazama kabichi zangu.

Kisha Dar es Salaam kukafunguliwa soko la hisa. Viwanda vya serikali vilikuwa vinauzwa, na ikatangazwa redioni kwamba mwananchi wa kawaida naye anaweza kununua sehemu yake. Mume wangu aliisikia habari hiyo akiwa anamenya viazi. Alikiacha kisu ndani ya karai. Jioni ile alikuwa mtu mwingine.

Alikwenda Lushoto kuonana na wenzake watatu waliopunguzwa pamoja naye. Wazo lao lilikuwa jepesi kueleza. Mkulima mmoja wa Mlola hawezi kwenda Dar kununua hisa. Nauli tu itammaliza. Lakini wakulima wengi wakichanga, kampuni moja itakwenda kwa niaba yao, itanunua hisa za viwanda vizuri, itazitunza, na faida ikija itawagawia kila mtu kwa kadiri ya alichoweka. Waliiandikisha kisheria. Walipanga chumba kimoja mjini Lushoto, juu ya duka la mitumba, wakaweka meza na viti na ramani ya wilaya. Wenzake walikuwa na biashara zao, kwa hiyo kazi ya kila siku ikamwangukia yeye.

Akaanza kutembea. Alikwenda kila bonde akieleza. Alifika hadi upande wa Mponde kwenye chai, kwa wafanyakazi wa mashamba waliotoka Iringa na Kigoma na wapi sijui, nao wakajiunga. Watu walimwamini kwa sababu ya zamani, alipokuwa karani asiyepunja mizani. Hawakulijua neno uwekezaji, lakini yeye walimjua. Ndipo walipoanza kumwita Kampuni. "Shikamoo, Kampuni." "Marahaba, hujambo?" Na mimi nikawa Mama Kampuni, mpaka leo, ingawa kampuni yenyewe haipo.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Hisa walizonunua zilikuwa za viwanda vikubwa vilivyokuwa sokoni wakati ule, na gawio la kwanza lilipokuja, kila mwanachama alipata chake. Kilikuwa kidogo. Watu walicheka, wakanunua sukari. Lakini walikuwa wamepata kitu bila kulima, jambo ambalo halijawahi kutokea kwetu, nalo likawatia wasiwasi badala ya furaha. Mtu akila asichokilima, anaanza kujiuliza kimelimwa na nani.

Mkutano wa mwaka ulifanyika kwenye uwanja wa shule. Nilikuwepo, maana wanawake tulipika. Mume wangu alisimama akaeleza mwaka ulivyokwenda. Bibi mmoja, mwanachama wa tangu mwanzo, akanyoosha mkono.

"Mwanangu, hisa zangu ziko wapi?"

"Ziko Dar es Salaam, bibi."

"Zinalala wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Mume wangu akacheka nao, akaeleza kwamba hisa si kitu cha kulala mahali, ni haki ya mtu ndani ya kiwanda.

"Kiwanda cha nini?"

Hapo alisita. Mimi nilimwona, kwa sababu alijipapasa mfuko wa shati ambao haukuwa na kitu. Halafu akajibu, maana hakuwa mtu wa kudanganya. Kimojawapo kilikuwa cha saruji. Viwili vilivyokuwa vinaleta faida kubwa, kimoja kilikuwa cha sigara, kingine cha bia.

Mwalimu wa madrasa, ambaye naye alikuwa ameweka chake, akasimama taratibu, akasema, "Kwa hiyo ile sukari niliyonunua, niliyowakorogea nayo uji wanafunzi wangu wa Kurani, ilikuwa ya bia."

Hakupaza sauti. Angepaza sauti ingekuwa nafuu.

Mfanyakazi mmoja wa chai akasema kutoka nyuma, "Jamani, sisi wa estate bia tunainywa kila mwisho wa mwezi na hatujawahi kuona faida yake. Leo imeleta faida, mnataka kuifukuza?" Watu wa Mponde wakapiga makofi. Wetu hawakupiga.

Mume wangu alijaribu. Alieleza kwamba wanaweza kuuza za bia na sigara, wakasubiri hisa nyingine zitakazokuja, za saruji zikabaki. Lakini mkutano ulikuwa umeshaondoka mikononi mwake. Hoja haikuwa tena bia. Hoja ilikuwa ni kitu ambacho mtu hawezi kukiona wala kukikanyaga. Shamba unalikanyaga. Ng'ombe unamshika pembe. Wakasema mali yetu irudi milimani, tuione kwa macho. Mtu mmoja akapiga kelele, "Lori!" Na hapo kila mtu akawa anaongea, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa ameshalia na wenye malori, wanaokuja wakati wanaotaka na kukuachia kabichi zinaoza njiani.

Aliyetoa hoja ya lori ni jirani yetu wa ng'ambo ya bonde. Alisoma darasa moja na mume wangu, walitahiriwa msimu mmoja. Alisema, "Kampuni, wewe ni ndugu yangu. Nunua gari. Nikiamka nilione."

Wakapiga kura kwa mikono. Hisa zikauzwa zote, hata za saruji. Lori likanunuliwa, kuukuu kidogo, la buluu.

Nataka kuwa mkweli kuhusu lori lile. Nililipenda. Siku lilipokuja, barabara ya kupanda kwetu ilikuwa haijawahi kupitiwa na gari. Tuliichimba kwa msaragambo. Pembe ililia alfajiri, kila nyumba ikatoa mtu na jembe, na hata wasio wanachama walikuja. Lori lilipanda likiunguruma, watoto wanalikimbilia, na yule bibi aliyeuliza hisa zinalala wapi akaligusa tairi kwa kiganja, akasema, "Basi hapa ndipo zinapolala." Mume wangu alisimama kando, akitabasamu kama mtu aliyealikwa kwenye harusi ya mtu mwingine.

Yeye alijua jambo ambalo sisi hatukulijua. Hisa za Dar hakuna aliyeweza kuziazima. Lori kila mtu aliweza.

Lilianza na mgonjwa. Mama mjamzito wa kijiji cha juu, uchungu umemshika vibaya, lori likamshusha hospitali. Nani angekataa? Kisha harusi. Kisha msiba, kisha msiba mwingine. Kwetu maiti hurudi nyumbani, hata akifia Tanga, hata akifia Moshi, na zamani ilikuwa ni kuchangishana na kuteseka. Sasa kulikuwa na gari, na gari lilikuwa letu. Mtu alikuja uani kwetu akasema tu, "Kampuni, tumefiwa," na mume wangu akamwita dereva. Mafuta alitia nani? Kampuni. Springi ilipovunjika, alinunua nani? Kampuni. Kuomba nauli kwa mfiwa ambaye ni mwanachama, kwenye gari lake mwenyewe, lilikuwa jambo lisilosemeka. Alijaribu kulisema mara moja kwenye kikao, kwa upole, kwamba labda tuweke mchango wa mafuta. Mzee mmoja akamuuliza, "Ukipanda punda wako unamlipa?" Hoja ikaishia hapo.

Kwa hiyo kampuni iliyoanzishwa kununua viwanda ikawa ya kubeba maiti. Nalisema bila uchungu. Ilibeba vizuri. Lakini kabichi zilikuwa zinachelewa, na wenye kabichi nao walikuwa wanachama.

Sasa nafika kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa msimu wa bei nzuri. Dar kulikuwa na uhaba, na madalali wa Kariakoo walikuwa wametuma habari kwamba gari la kwanza kufika litauza litakavyo. Lori lilikuwa limeegeshwa chini ya nyumba yetu, limepakiwa tangu asubuhi, kabichi mpaka juu, matenga ya nyanya na plamsi nyuma, turubai limefungwa. Ilikuwa mizigo ya watu wengi, wajane wawili miongoni mwao. Mume wangu mwenyewe alikuwa anakwenda, kwa sababu safari ile ingelipa madeni ya springi na tairi, na bila hiyo hakukuwa na safari nyingine. Aliniambia hivyo akivaa viatu. Nilimwamini, alikuwa amekonda kwa ajili ya lori lile.

Jirani yetu akaja akipanda mbio kutoka bondeni. Hakubisha hodi.

"Gari lipo?"

"Lipo," mume wangu akajibu.

"Mama amefariki. Yuko Tanga."

Mume wangu alikaa chini kwenye ngazi. Mama yule ndiye bibi wa kwenye mkutano, aliyeligusa tairi. Alikuwa amempikia mume wangu utotoni. Nilidhani atasimama na kumwita dereva. Aliendelea kukaa.

"Limeshapakiwa," akasema.

"Naona. Shusha."

"Nikishusha, zitaoza, ndugu yangu."

"Na mama yangu hataoza?"

Dereva na utingo walikuwa wamesimama karibu na bodi la nyuma, wakitazama chini. Mume wangu akasema atatoa fedha ya kukodi gari la Mombo, tena atatoa mfukoni mwake. Jirani akatikisa kichwa.

"Mama ana hisa kwenye kampuni hii. Aliziweka kabla yangu. Hilo gari ni lake."

"Ni la kampuni."

"Kampuni ni nani?"

Mpaka mume wangu anakufa sikumsikia akilijibu swali lile, ingawa naamini alilijibu moyoni kila siku kwa namna tofauti. Jirani alisubiri kidogo, akageuka, akashuka.

Lori halikuondoka siku ile. Dereva alikuta gurudumu limeishiwa upepo, na mpaka lilipozibwa jua lilikuwa limezama. Wakapanga kuondoka kesho yake. Kesho yake ilinyesha. Kampuni ingesubiri barabara ikauke, lakini bei haisubiri. Wakaanza kushuka pole pole kwenye ile barabara yetu nyembamba, mume wangu ndani ya kebini. Na kwenye kona iliyo juu ya shamba la jirani, wakakutana na jeneza.

Gari la kukodi lilikuwa limekwama chini kwenye tope, na watu walikuwa wanampandisha mama yule kwa mabega, kwenye barabara tuliyoichimba kwa ajili ya lori. Upande mmoja ni ukuta wa udongo, upande mwingine ni bonde. Lori haliwezi kurudi nyuma na mzigo ule kwenye utelezi. Kwa hiyo wabebaji ndio waliolazimika kupanda kwenye kingo, wakiwa na maiti, wakaegemea udongo, ili kabichi zipite.

Haya nilisimuliwa na utingo. Alisema mume wangu aliteremka kabla gari halijasimama sawasawa. Alivua kofia, akaenda kwenye kingo, akainua mkono kushika mti wa jeneza. Jirani, aliyekuwa ameshika mbele, akamtazama.

"Wewe nenda na kabichi zako," akamwambia.

Akaenda. Alikuwa na mali ya watu. Kabichi ziliuzwa vizuri, madeni ya springi na tairi yakalipwa, wajane wakapata chao. Mimi nimelifikiria jambo hili miaka mingi, nikipalilia, nikifua, na sasa katika eda yangu nikiwa sina pa kwenda, na sijui hata leo kama alikosea. Angeshusha mzigo, kampuni ingekufa. Hakushusha, na kampuni ilikufa vile vile, kwa sababu baada ya hapo hakuna mtu wa kwetu aliyetaka mzigo wake upande gari lile. Waliliita gari la kabichi. Walirudi kwa wenye malori wale wale waliokuwa wakiwaonea. Lori likawa linashuka nusu tupu, kisha likawa halishuki. Siku moja giaboksi ilikatika kwenye kona za Soni, likavutwa hadi gereji na halikutoka tena. Liliuzwa kama chuma. Wenzake watatu walikuwa wameshajitoa. Mume wangu alizunguka bonde kwa bonde akiwarudishia watu kilichobaki, na hakikutosha. Chumba cha Lushoto kilifungwa. Ramani ya wilaya aliileta nyumbani, nikaifanya kifuniko cha ndoo ya unga.

Hakuna aliyemtukana. Walimpa shikamoo kama kawaida, kwa sababu ni mkubwa na heshima ni heshima, lakini waliitoa wakiendelea kutembea. Kwenye kahawa mbele ya msikiti alikaa mwisho wa benchi. Jirani hakumpa salamu kabisa, na kwa kuwa ni wa rika moja, hilo lilionekana. Miaka yote hiyo bonde moja linatutenganisha, tunaona moshi wa jiko lao, na wao wanaona wetu.

Kitu kimoja hakuacha. Redio ilipofika kwenye habari za soko la hisa, alinyamazisha kila kitu. Kampuni haikuwa na hata hisa moja tena, lakini alisikiliza bei. Za bia zilipanda. Za sigara zilipanda. Hata za saruji zilipanda. Akisikia, alitikisa kichwa kidogo, akaendelea kula. Mara moja tu nilimuuliza, "Tungebaki nazo tungekuwa wapi?" Akasema, "Hapa hapa, mama. Ila paa lisingevuja." Akacheka. Alikuwa anakohoa tayari wakati ule.

Basi tulipofika kwenye daraja lililovunjika, mimi na dada yake marehemu tukiwa nyuma ya pikapu na mwili wake umefunikwa kanga yangu, nilishuka nikatazama. Jeneza la msikiti lilikuwa limeletwa. Shemeji yangu alikuwepo. Mwalimu wa madrasa alikuwepo, mzee sasa. Utingo wa zamani alikuwepo, na wazee wawili ambao wao wenyewe walihitaji fimbo. Basi.

Walimvusha mtoni kwenye mawe, maji yakiwafika magotini, wakampandisha ng'ambo, wakaanza. Sisi wanawake tulifuata kwa mbali. Niliwaona wazee wakibadilishana bega kila baada ya hatua chache, na mwalimu wa madrasa akiteleza mpaka goti likagusa chini. Nikasema moyoni, ndivyo ilivyo. Ndivyo itakavyoonekana.

Halafu mtu akatoka kwenye shamba la karoti, tope mpaka viwiko, akaweka jembe kwenye kingo, akaingia chini ya mti bila kusalimia. Mbele kidogo wakatoka wawili. Pembe ilikuwa imewafikia, nao walikuwa wamemalizia mistari yao ya kulima kwanza. Walikuwa wanatoka hivyo, mmoja mmoja, kutoka kwenye viazi na kwenye migomba, na kila mmoja aliacha jembe lake pale alipoingilia, barabara ikawa na majembe yamelazwa kandokando. Nikaanza kusikia pumzi zao, na baada ya pumzi, maneno.

"Kampuni amekuwa mzito."

"Ni hisa hizo."

"Hisa zangu ziko upande wako basi, maana huku kwangu kwepesi."

"Nyamaza wewe, mjane yuko nyuma."

"Mjane mwenyewe anajua."

Nilijua. Nilishukuru pia. Watu hawamtanii maiti wanayemwonea aibu.

Tulipokaribia kona ile, wakanyamaza wote. Jirani alikuwa amesimama kwenye kingo, pale pale walipoegemea na mama yake, jembe mkononi. Mvua ilikuwa imekatika. Wabebaji walipunguza mwendo, wakasimama, kama vile yeye ndiye mwenye barabara. Alilitazama jeneza muda mrefu. Kisha akauliza, kwa Kishambaa, nami nalitia kwenye Kiswahili kadiri niwezavyo:

"Leo hana mzigo mwingine?"

Hakuna aliyecheka. Shemeji yangu akamjibu, "Hana, kaka. Huu ndio wote."

"Basi sogea."

Akalaza jembe, akashika mbele. Waliobaki walibadilishana mara nyingi mpaka nyumbani. Yeye hakubadilishana na mtu. Mshipa wa shingo ulimtoka, na ni mtu mzima, mwenye wajukuu.

Mume wangu alizikwa kabla ya alasiri. Sisi wanawake tulibaki ndani, tukasikia tu sauti zikienda makaburini na kurudi. Chakula kilipakuliwa, wanaume wakala uani. Nilichungulia dirishani kumtafuta jirani nimwone anakula. Aliosha mikono kwenye ndoo, akachukua jembe lake aliloletewa na mtu, akashuka bondeni bila kugusa sahani.

Nilikaa na jambo hilo. Nilitamani kuamini kwamba yamekwisha, na nikaanza kuamini. Katika eda mtu anakaa na mawazo yake kuliko anavyotaka.

Mke wa jirani alikuja siku moja na kichane cha ndizi. Tulikaa jikoni. Tuliongea habari za mvua, habari za mabinti zangu. Mwishoni akasema, akitazama moto:

"Mwenzangu, amenituma. Amesema usije ukafikiri amemsamehe."

"Sijafikiri," nikasema, na haikuwa kweli kabisa, kwa hiyo nikaongeza, "Nilikuwa naanza."

"Amesema alibeba kwa sababu maiti habebwi na wachache."

"Mwambie nimesikia."

Akanyanyuka, akajifunga kanga. Mlangoni akageuka.

"Na ameuliza kama kuni zipo."

"Zipo kidogo."

Asubuhi iliyofuata nilikuta mzigo wa kuni umetupwa nyuma ya jiko. Haukupangwa, umetupwa tu, na zilikuwa mbichi. Nimezipikia hivyo hivyo. Zinatoa moshi mwingi, mweupe, unapanda juu ya paa linalovuja na kutambaa bondeni mpaka kwao.